Tegwyn Prydderch, Aliyekihamisha Kilele cha Moel Dywarchen

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni, Tegwyn Prydderch ataweka ufunguo wake mezani na kutoka katika Ofisi ya Upimaji ya Dolfadog, baada ya utumishi wa miaka arobaini na miwili kasoro siku tatu. Aliombwa azimalizie hizo siku tatu ili hesabu itimie. Akakataa, kwa sababu Jumatatu ana miadi na daktari wa meno. Ndivyo alivyo, na kama kuna mtu alitegemea atabadilika wiki ya mwisho, pole yake.

Wasifu huu uliandikwa kwanza na wakubwa wa ofisi. Ulitoka na maneno mengi yanayong'aa, na Luned, mke wa Tegwyn, aliposomewa akauliza ni nani huyo anayezungumziwa. Ndipo wakaja jikoni kwangu, wakaniomba niseme mimi mbele yenu katika ukumbi huu wa kumuaga. Mimi Menna nimempikia chai Tegwyn kwa miaka ishirini na tisa. Ninamjua anayezungumziwa.

Tegwyn alizaliwa katika shamba la Cae Meirch, mtoto wa tatu katika nyumba iliyokuwa na kondoo mia mbili na wavulana wanne. Baba yake alikuwa akisema mbele za watu kwamba kondoo wana faida zaidi. Shamba halikuweza kuwalisha wavulana wote, hivyo Septemba 1983 Tegwyn akaja hapa mjini na kuajiriwa kuwa mshika fimbo. Mshika fimbo ni yule anayesimama mbali kwenye mvua, ameshika fimbo ndefu yenye namba, wakati mwenzake amejikinga nyuma ya darubini anasoma. Kazi hiyo aliifanya miaka minne. Jioni alisoma, akapata cheti mwaka 1987, na tangu hapo akawa yeye wa kuchungulia darubini. Lakini hakumwacha mshika fimbo wake alowe peke yake hata siku moja. Wote waliofanya kazi naye wanalisema hilo, na wengine bado wana mafua yao.

Barabara mpya ya bondeni aliipima yeye. Daraja la mawe lilipopasuka, ni yeye aliyeona kwamba limezama upande mmoja kabla mhandisi hajavaa viatu. Walipotaka kujenga shule ndogo karibu na mto, Tegwyn aliweka alama ya sakafu juu kuliko walivyotaka, wakamwambia anatia chumvi na anaharibu saruji. Miaka miwili baadaye mto ulifurika, maji yakasimama vidole viwili chini ya mlango. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakuuliza.

Mwaka 1994 alizama kwenye kinamasi cha Gors Felen hadi kifuani. Wenzake walimkuta ameinua darubini juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Chukueni hii kwanza," akawaambia. Wakaichukua, kisha wakaanza kubishana jinsi ya kumtoa, na yeye akawaelekeza kutoka ndani ya tope kamba ivutwe kwa pembe gani. Alitoka. Kiatu kimoja hakikutoka, na alama ya mahali kilipo ameiweka kwenye ramani yake mwenyewe, ya nyumbani.

Kasoro zake pia nizitaje, maana wasifu usio na kasoro ni wa marehemu. Anakula jibini na vitunguu vibichi kila siku, na harufu yake inafika chumba cha mikutano kabla yake. Ukimwambia umetembea maili mbili, atakwambia ni moja na robo tatu. Katika kwaya anaimba besi, na besi yake inachelewa. Lakini mimi shule sikuiona, na siku moja alinikuta nimeshika ramani kichwa chini miguu juu. Hakucheka. Aliigeuza, akaweka kidole juu ya jina la shamba nililozaliwa, akasema, "Hili unalijua tayari. Tuanzie hapa." Tulikwenda hivyo, shamba kwa shamba, saa ya chakula cha mchana, msimu mzima wa baridi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu ukumbini analifikiria, na wakubwa waliliruka.

Moel Dywarchen ni kilima chenye nundu mbili na ua wa seng'enge katikati. Nundu ya magharibi iko katika shamba la Hafod Las, la akina Pugh, na juu yake kuna rundo la mawe. Nundu ya mashariki iko katika shamba la Rhos Isaf, la akina Bebb, na juu yake kuna majani tu. Kwa macho huwezi kusema ipi imeizidi nyingine. Na watu wa bonde hili wanayo desturi yao: nyumba yenye kilele ndiyo inayotaja siku ya kukusanya kondoo mwezi wa Septemba, mbwa wake ndiye anayeachiwa kwanza, na meza ya siku hiyo inaandaliwa kwake. Kila anayekuja kusaidia anabeba jiwe moja kutoka chini na kuliweka kileleni, ili mama mwenye nyumba ahesabu na kujua ni sahani ngapi. Tangu zamani ilikuwa Hafod Las. Na tangu zamani akina Bebb walisema wanaibiwa.

Mwaka 1989 ugomvi huo ulifika ofisini kwetu, na aliyetumwa kupima alikuwa Tegwyn. Alipima siku ya ukungu, na kupima ukunguni si ajabu, ukisubiri jua kwenye kilima kile utastaafu ukiwa bado unasubiri. Akaandika kwamba nundu ya Hafod Las imeizidi ya Rhos Isaf kwa sentimita sita. Akatia sahihi. Miezi minane baadaye akamwoa Luned, binti wa Hafod Las.

Fikiria mwenyewe yaliyosemwa. Mzee Gruffydd Bebb alisimama nje ya kanisa, watu wakitoka, akasema kwa sauti ya mnadani, "Kijana amempa Pugh sentimita sita, Pugh amempa binti. Biashara safi." Kuanzia siku hiyo Tegwyn aliitwa Bwana Sita. Sokoni Bwana Sita, kwenye kwaya Bwana Sita. Mzee Gruffydd alikufa mwaka 2003 akiwa bado analitamka jina hilo, na binti yake Glenys akarithi shamba pamoja na jina. Tegwyn hakuwahi kujibu. Akijibu atasema nini? Kwamba Luned alimpenda kabla ya kupima, au baada? Vyote viwili vinasikika vibaya. Lakini mimi ndiye ninayeosha vikombe. Kila siku aliyopita upande wa Rhos Isaf, chai yake ilirudi jikoni imepoa bila kuguswa. Mtu aliyepima bonde zima kwa haki alikuwa anakaribia kwenda nyumbani huku nusu ya bonde ikiamini kwamba aliuza kipimo apate mke.

Februari mwaka huu ndege ikapita juu yetu na leza. Inarusha miale chini, mamilioni kwa mamilioni, na kuhesabu kila mwale umechukua muda gani kurudi. Hapo inajua urefu wa kila hatua ya ardhi. Data zikafika Julai. Aliyezifungua ni Non Treharne, mtaalamu wetu wa kompyuta, mwanamke wa kusini mwenye akili nyingi na asiyejua kondoo hata kidogo. Non akatafuta nukta ya juu kabisa ya Moel Dywarchen, akaipata mashariki, Rhos Isaf. Imeizidi Hafod Las kwa zaidi ya nusu mita.

Habari hiyo haikukaa ofisini hata saa moja. Saa nane mchana Glenys Bebb alikuwa amesimama kwenye zulia letu na viatu vyake vya zizini.

"Sentimita hamsini na nne," alisema. "Hamsini na nne, Bwana Sita. Angalau ungeiba kidogo."

Tegwyn alikuwa ameinama mbele ya skrini ya Non. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, na sikuondoka. Nani angeondoka?

"Non," akasema, "ndege ilipita saa ngapi?"

"Tarehe nne Februari, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Upepo wa mashariki, baridi kali."

"Ilipita mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili dakika kumi na tisa baadaye."

"Nionyeshe ya pili peke yake."

Non akabofya. Tegwyn akaweka kidole kwenye skrini, jambo ambalo Non hapendi. "Unaona? Kilele kimetembea mita nne."

"Haiwezekani, Mzee Tegwyn. Ardhi haitembei."

"Ndiyo ninachosema." Akamgeukia mgeni. "Glenys, kilele chako ni kondoo. Amelala."

Non akaanza kueleza kwamba kompyuta yenyewe inafuta miti, nyumba na hata rundo la mawe, lakini kitu kifupi, cha mviringo, kilichotulia juu ya nundu, kompyuta inaweza kukichukulia kuwa ni ardhi. Glenys hakumsikiliza.

"Miaka thelathini na sita," alisema. "Baba yangu yuko kaburini. Na leo mnaniletea kondoo."

"Njoo uangalie."

Alikuja. Sikutegemea. Aliiinamia skrini, pua karibu kuigusa, akaangalia zile nukta na pale zilipolala, nyuma kidogo ya ukingo, mgongo upande wa upepo. Watu wa huku hawaweki ua kila mahali; kondoo jike anafundishwa na mama yake sehemu yake ya kilima, na hapo ndipo atalala mpaka afe. Glenys anajua kila mmoja wake analala wapi.

"Ni yule mwenye sikio lililochanika," alisema taratibu. "Halali pengine. Mama yake pia alilala hapo." Kisha akanyooka. "Mshenzi mkubwa yule."

Niliona wakati huo kwamba Glenys Bebb ni mtu mkweli, na nikamwekea kikombe. Maana angeweza kusema si wake.

Non akamwondoa kondoo kwenye hesabu. Nundu ya Rhos Isaf ikashuka. Zikaja namba mbili safi: Hafod Las imezidi. Kwa sentimita sita. Zile zile za mwaka 1989. Non akapiga makofi. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa amekuja kuona kelele ni za nini, akampiga Tegwyn begani akasema ichapishwe, hiyo ndiyo zawadi nzuri ya kustaafu. Glenys akanywa chai yake yote kwa mkupuo, akaweka kikombe. "Basi. Baba amezikwa mara ya pili," akasema, na akatoka.

Yangeishia hapo, msingekuwa mmeketi hapa mkijifanya hamlii.

Tegwyn hakuondoka kwenye kiti. Kila mtu alikwenda zake ila Non, nami nikabaki nikifuta meza iliyokuwa safi. Alimwambia Non awashe jua la pembeni. Kumbe kompyuta inaweza kuangaza kilima kutoka upande wowote, kama jua la jioni, vivuli vikalala chini na kila kijivimbe kikaonekana. Non akawasha. Nundu ya Rhos Isaf ilionekana kama inavyotakiwa, mikunjo mikunjo, kama blanketi lililotupwa. Nundu ya Hafod Las ilikuwa na rundo lake la mawe, na kulizunguka rundo palikuwa na duara. Duara laini, bapa, hatua sita kwa upana, kama chapati iliyosukumwa vizuri.

"Nani kachora hiyo?" nikauliza.

"Hakuna aliyechora, Menna," akasema. Uso ulikuwa umembadilika. "Mawe ya sahani."

Mimi niliyabeba mawe hayo nikiwa msichana, na bado ilinichukua muda kuelewa. Watu thelathini kila Septemba, kila mtu na jiwe lake. Rundo likijaa linamwagika, yaliyomwagika yanakanyagwa, majani yanaota juu, na mwaka unaofuata wanamwaga tena. Vizazi vinne vya kukanyaga. Mwaka 1989, kwenye ukungu, Tegwyn aliliacha rundo nje ya kipimo kama inavyotakiwa, akaweka fimbo pembeni kwenye majani, akaamini amesimama ardhini. Na kanuni ya wapimaji inasema kilichojengwa na mkono wa mtu si kilele.

Hapo, wapendwa, alikuwa na njia mbili. Leza ilikuwa imemuunga mkono. Mkuu alikuwa amefurahi. Zilibaki wiki saba. Angefunga ile picha na kwenda nyumbani akiwa safi mbele ya bonde zima, jina la Bwana Sita limekufa, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angekuja kuchimba chini ya majani yale. Badala yake alivaa koti, akaenda Hafod Las kwa Idwal Pugh, kaka yake Luned, ambaye ndiye mwenye shamba sasa.

Luned alikuwepo na amenisimulia. Tegwyn hakuketi. "Shemeji, nadhani nilikosea."

Idwal alikuwa anamenya viazi. "Ulikosea nini?"

"Kilele. Nadhani nilipima mawe yenu."

Idwal akamenya kiazi kizima mpaka kikaisha. "Nani mwingine anajua?"

"Non. Na Menna."

"Basi bonde zima litajua kesho," akasema Idwal, na sitalijibu hilo. "Tegwyn. Umebakiza wiki saba. Nyamaza. Nani atakuuliza?"

"Nimeshajiuliza."

"Nami je? Baba yangu ametaja siku kwenye meza hii. Babu yangu ametaja siku kwenye meza hii. Nimwambie nani kwamba tulikuwa tumekaa kwenye kiti cha watu? Na wewe, wewe tuliyekupa dada yetu, ndiye utakayetuondoa?"

"Njoo mlimani Jumanne," akasema Tegwyn. "Sitapima bila wewe."

Ya mlimani nimeyapata kwa Non, na Non haongezi kitu. Walikuwa wanne: Tegwyn, Non, Glenys na Idwal. Idwal alipanda na pikipiki yake ya magurudumu manne, akaizima mbali na wenzake, akakaa juu yake kama askari wa zamu. Tegwyn hakuitumia leza siku hiyo, maana leza ya angani inaweza kukosea kwa upana wa kiganja, na hapa walikuwa wanagombania upana huo huo. Alibeba darubini ya zamani ya miguu mitatu, na mtaimbo.

Alimpa Idwal mtaimbo.

"Kwa nini mimi?"

"Nikidunga mimi watasema nimechagua pa kudunga."

Idwal alishuka, akazunguka, akachagua mahali pazuri penye majani mengi ya kijani, akadunga kwa hasira. Ulilia. Chuma juu ya jiwe. Akahama hatua mbili, akadunga. Ulilia. Mara ya tano akapiga magoti, akakata majani kwa kisu, akatia mkono, na akatoa kigae cha paa. Kigae cha jiwe jeusi, chenye tundu la msumari.

Kilima kile hakina jiwe jeusi. Na hata kingekuwa nalo, halioti na tundu la msumari.

Idwal alikigeuza mkononi. Non anasema mabega yake yalianza kutikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mjomba Ifan," akasema. "Huyu ni mjomba Ifan. Alikuwa mvivu wa kuinama kutafuta jiwe. Bibi alilalamika miaka kwamba kuna mtu anamwezulia paa la banda." Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, kisha akaacha kucheka, akabaki amekaa.

Walichimba mpaka ardhi yenyewe. Sentimita thelathini na moja za mawe. Glenys akashika fimbo upande wake, Non upande wa Hafod Las, na Tegwyn akachungulia. Akasoma mara tatu. Kisha akamwita Idwal achungulie, akamwita na Glenys achungulie, kila mmoja asome namba mwenyewe. Kilele cha kweli cha Moel Dywarchen kiko Rhos Isaf, hatua sitini na moja mashariki ya rundo, kwa tofauti ya sentimita ishirini na tano. Mahali hasa ni pale anapolala yule kondoo wa sikio lililochanika.

Non alitegemea Glenys atapiga vigelegele. Hakupiga. Alibaki ameshika fimbo kama mtu aliyesahau kwa nini kaishika.

"Kwa hiyo hukuuza," alimwambia Tegwyn.

"Sikuuza. Nilikosea."

"Afadhali ungeuza," akasema Glenys. "Ningekuwa bado na sababu ya kukuchukia." Na akajipangusa uso kwa mkono wenye tope, akajipaka hadi masikioni.

Idwal aliwasha pikipiki yake, akateremka bila kuaga mtu.

Ofisini kulikuwa na fomu ya masahihisho, yenye nafasi ya kuandika sababu. Mkuu, kwa nia njema kabisa, alimshauri aandike kwamba teknolojia imeboreshwa. Watu wengi huandika hivyo na hakuna anayekufa. Tegwyn akasema teknolojia haikukosea chochote. Iliona kondoo ikasema imeona kitu, iliona duara ikasema imeona duara. Nimeisoma fomu hiyo mwenyewe, kwa macho yangu, bila msaada. Imeandikwa hivi: "Mpimaji wa mwaka 1989 alisimama juu ya mawe yaliyobebwa na watu akadhani ni ardhi. Mpimaji huyo ni mimi. T. Prydderch." Katika miaka arobaini na miwili ametia sahihi karatasi elfu na elfu. Hii ndiyo niliyoomba nakala yake.

Kisha zikaja siku kumi na moja mbaya. Idwal hakupokea simu. Jumapili Luned alikwenda kula Hafod Las peke yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akarudi mapema. Tegwyn alikuja kazini, akafanya kazi, na sikuthubutu kumwangalia. Nilimwekea sukari kijiko cha tatu, hakuona.

Glenys naye alikuwa amegundua alichoshinda. Anaishi peke yake, ana meza ya watu wanne na sufuria mbili, na Septemba nyumba yenye kilele inalisha watu thelathini. Alinipigia simu kuuliza mchuzi wa kondoo na viazi wa watu thelathini unawekwa maji kiasi gani. Nikamwambia ajaze mpaka aogope.

Siku ya kumi na mbili, gari la Idwal lilisimama uani Rhos Isaf. Hakuna Pugh aliyekuwa ameingia uani hapo tangu mwaka 1989. Alishusha sufuria tatu kubwa za mama yake na mabenchi manne, akavipanga mlangoni, na Glenys akatoka akasimama akimtazama.

"Utazihitaji," akasema Idwal. "Hii yenye mpini uliofungwa waya, usiijaze sana, inainama. Na chumvi usitie mapema."

"Ninajua kupika, Idwal."

"Hujui akina Roberts watano wanavyokula."

Akatoka hapo, akaendesha moja kwa moja mpaka mjini, akaingia ofisini kwetu bila kubisha. Tegwyn akasimama. Walitazamana juu ya meza yenye jibini na vitunguu.

"Shemeji," akasema Idwal, "Jumapili utakuja kula, au utaendelea kujificha nyuma ya dada yangu?"

"Nitakuja."

"Uje bila mtaimbo."

Siku ile kikombe kilirudi jikoni kikiwa kitupu. Nilikigeuza mara mbili kuhakikisha.

Ramani mpya imeshatoka. Ile alama ndogo ya kilele imehama hatua sitini na moja, na watalii wa wikendi hawatajua lolote, wataendelea kupiga picha kwenye rundo la mawe. Sisi tunajua. Mahali hapo pamejulikana kwa sababu ya ndege na leza na akili ya Non, na kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa na kila nafasi ya kuondoka akisifiwa alipenda zaidi kuondoka amesahihishwa.

Tegwyn, ofisi inakushukuru kwa miaka yote hiyo, kwa kila kipimo, pamoja na kile kimoja. Mimi nakushukuru kwa herufi. Pumzika vya kutosha, ule vizuri, umsikilize Luned, na ukitembea uache kuhesabu hatua walau siku za Jumapili. Afya iwe nawe, na vitunguu vyako uvile mbali na wajukuu.

Glenys ameshataja siku. Kondoo watakusanywa Jumamosi ya tarehe 13 Septemba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Umepangwa lango la chini, wewe na Idwal. Msichelewe.